Siku Dawa Ilipouliza Ngozi Yangu

Mwaka 1971, mwezi wa Oktoba, mvua zilikuwa bado mbali na Likunja, kijiji chetu huko Ruangwa. Jua liliwaka tangu asubuhi, upepo wa mchana ulipeperusha vumbi jekundu mpaka ndani ya mitungi ya maji, na mikorosho peke yake ndiyo iliyoonekana kustawi, matawi yakiwa yameinamishwa na mabibo. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Natanguliza mwaka na hali ya hewa kwa sababu kazi yangu ya maisha ilikuwa takwimu, na mtakwimu hujifunza mapema kwamba jambo lisilowekewa tarehe hugeuka hadithi. Hili ninalolieleza lilikaa kwangu kama hadithi, tena hadithi ya kutisha, mpaka nilipokwisha kustaafu.

Siku zile korosho za kula nyumbani tulizikaanga uani kwenye debe lililopasuliwa. Maganda yakipata moto hutema mafuta meusi yanayowaka, na mkaangaji humwaga zote mchangani ili zizimike. Mdogo wangu Somoe, aliyekuwa na miaka sita, alimfukuza kuku akakanyaga rundo aliloliona kama majivu tu. Lilikuwa bado kaa. Juma la kwanza mama aliuosha mguu kwa maji ya chumvi. Juma la pili mguu ulivimba, ngozi ikawa ya kijani pembeni, na nyumba yetu ikaingiwa na harufu ambayo hakuna aliyeitaja. Watu wazima walianza kusemezana kwa sauti ya chini, na mtoto yeyote wa kijijini anajua maana ya sauti ile.

Baba alitaka kumpeleka hospitali, Nachingwea. Lakini baba alikuwa ameoa kwa kina mama yangu na kuhamia kwao, kama ilivyo desturi yetu Wamwera, na habari za watoto wa ukoo zilikuwa mikononi mwa kaka yake mama, Mjomba Chande, pamoja na bibi yangu mzaa mama. Baba alikuwa na baiskeli, hakuwa na kauli.

Bibi akasema, "Dawa ipo. Mtumbati umeponya vidonda vibaya kuliko hiki. Ila dawa haipakwi kwa mgonjwa kabla haijaiuliza ngozi."

Kuuliza ngozi ndiko kulikonitia hofu ambayo bado naikumbuka. Dawa hupakwa kwanza kwenye mkono wa mtoto mzima, ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, ikafungwa kitambaa asubuhi na kufunguliwa jua linapotua. Ngozi ikiwa safi, dawa imekubali. Ngozi ikivimba, basi kidonda si kidonda tu. Nyuma yake upo mkono wa mtu. Na mtu huyo hatafutwi kwa ramli, kwa maana miguu yake mwenyewe itamleta: atakuwa yule atakayeingia uani wakati dawa ingali inauliza. Kwa sababu hiyo tawi bichi hulazwa kukata njia, na kila mwenyeji akiliona hugeuza. Mtoto mwenye dawa naye hatakiwi kusema neno mpaka afunguliwe, kwani mdomo ukisema, ngozi hunyamaza.

Ngozi iliyochaguliwa ilikuwa yangu.

Alfajiri tulikwenda mimi na Bibi mpaka ukingo wa msitu. Mtumbati, ambao wengine huuita mninga, ulisimama peke yake kwenye majani makavu. Bibi alimwaga unga wa mtama penye shina, akataja majina ya watu waliokufa kabla sijazaliwa, kisha akapiga panga upande wa mawio. Mti ukatoka damu. Sisemi utomvu, ingawa leo najua ni utomvu. Nasema nilichokiona: damu nyekundu, nzito, ikitiririka juu ya gome na kuchuruzika kwenye ule unga mweupe.

"Una damu kama yako," Bibi alisema huku akibandua vipande. "Umeusikia ukilia?"

"Hapana, Bibi."

"Vizuri. Sasa tangulia. Usigeuke nyuma. Ukigeuka, utakufuata mpaka nyumbani."

Nilitangulia. Nyuma yangu nilisikia nyayo za Bibi, na kati ya nyayo hizo nilisikia nyingine. Shingo ilinikakamaa. Nilijiambia ni kikapu kinachogonga paja lake, nikajiambia ni majani, na kila maelezo niliyoyapata hayakuniondolea haja ya kukimbia. Nilifika nyumbani kanzu imelowa jasho, na jua lilikuwa halijapanda.

Dawa haisagwi kwenye jiwe la chakula. Bibi alichukua jiwe jingine, pana na jeusi, lililokaa upande wa uani ambako Somoe alilazwa kivulini, mguu juu ya gunia. Alilimwagia maji mara kadhaa, na maji yakateleza juu yake kama yanavyoteleza juu ya jani la jimbi. Akasaga gome, akatia matone ya mafuta ya nyonyo, na dawa ikawa kama ini lililopondwa. Alinipaka upande wa ndani wa mkono wa kushoto, akafunga kipande cha kaniki.

"Kuanzia sasa nyamaza," akasema. Kisha akamwendea Somoe, akamwambia, "Vumilia, mjukuu wangu. Kesho zamu yako."

Nilikaa barazani. Mwanzoni mkono ulikuwa baridi, nikafurahi. Baadaye ukaanza kuwasha, kidogo, mahali pamoja. Nilijiuliza kama ni jua. Nikausogeza kivulini. Kivulini nako ukawasha, na kuwashwa kukawa moto, na nikajua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua pale nyumbani: kwamba ngozi yangu ilikuwa imeanza kujibu. Ningelia, lakini nilikuwa sijui kama kilio kinahesabiwa kuwa neno. Nilimtazama Somoe akicheza na kokoto zake tatu, nikadhani namtazama mtu ambaye hatafika msimu wa mvua.

Hapo ndipo alipotokea Mama Fransiska.

Hilo lilikuwa jina lake mwenyewe, si la mtoto. Alikuwa jirani yetu, Mmakonde aliyevuka kutoka Msumbiji kwa sababu ya vita, yeye na binti yake mmoja, Paulina, aliyekuwa rika langu. Mumewe alibaki kwenye mapigano. Alikuwa na chale usoni kuanzia kipaji mpaka kidevu na ndonya, kipande cha mti kilichopachikwa, katika mdomo wa juu, na watoto wa Likunja tulizoea kukimbia akipita, kisha kurudi tukinyemelea, kwa maana kila asubuhi alipita akigawa alichopika. Tangu Somoe aungue alimletea uji wa mtama wenye karanga, na Somoe alikuwa hali kingine.

Aliliona lile tawi. Namwona hata sasa: alisimama, bakuli mkono mmoja, akaliinua tawi kwa mkono wa pili, akapita, kisha akalirudisha vizuri mahali pake, kama mtu anayefunga mlango ili mbuzi wasiingie. Kwao ishara ile haikuwapo.

Nilitikisa kichwa. Nikatikisa tena, kwa nguvu, nikimwonyesha njia kwa mkono wa kulia.

"Bakari, leo umemeza ulimi?" alicheka. "Au umekula mabibo ya watu, mdomo umefungwa? Haya, uji huu si wako, usinipigie kelele za kichwa." Akaenda moja kwa moja kwa Somoe, akapiga magoti, akaanza kumpooza uji kwa kuupuliza.

Bibi alitoka jikoni. Hakupiga ukelele. Ungo aliokuwa ameushika ulimponyoka taratibu, choroko zikamwagika, na akabaki anamtazama Mama Fransiska kwa namna ambayo sikupata kuiona tena kwa mtu yeyote. Ilikuwa hofu. Nilikuwa nimedhani watu wazima huwatisha wengine. Sikujua kwamba wao nao huogopa.

Jua lilipotua, Mjomba Chande alikuja na wazee wawili. Kitambaa kilifunguliwa. Ngozi ya mkono wangu ilikuwa imeinuka malengelenge, mengine yamepasuka, na pembeni palikuwa na weusi kama wa kuungua. Mama yangu alifunika uso.

"Ngozi imesema," Mjomba Chande alisema.

Akaitwa Mama Fransiska. Alisimama uani, Paulina ameshika nguo yake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na hofu ilikipunguza zaidi. "Mimi nimeleta uji," alisema. "Uji wangu umefanya nini? Muulizeni mtoto. Mtoto amekula."

"Uliliona tawi?"

"Nimeliona. Nimelirudisha."

Wazee walitazamana. Jibu lile, ambalo kwangu leo ndilo ushahidi wa unyofu wake, walilisikia kama kiburi. Mmoja akasema, "Mmawia huyu ana dharau," akitumia jina la kuwadharau Wamakonde wa Msumbiji, na baba, aliyekuwa amesimama karibu na baiskeli yake, akasema, "Jamani, huyu mama anamlisha mwanangu kila siku." Mjomba Chande akamjibu bila kumtazama, "Shemeji, wewe ulikuja na baiskeli. Haya ni ya wenye nyumba."

Hawakumpiga. Walimwambia tu kwamba hawatamzuia akiondoka, na kwamba hawataweza kumlinda akibaki. Asubuhi kibanda chake kilikuwa wazi, jiko limepoa. Watu waliowaona walisema walishika njia ya Marambo, mama mbele na mtoto nyuma, furushi moja.

Dawa haikupakwa kwenye mguu wa Somoe, kwa kuwa ilikuwa imekataa. Asubuhi hiyo hiyo baba alimpakia kwenye baiskeli bila kumwomba ruhusa mtu, akamkokota mpaka hospitalini. Madaktari waliuokoa mguu, isipokuwa vidole viwili. Kijijini ilisemwa kwamba alipona kwa sababu yule mwanamke alikuwa ameondoka. Mimi niliamini. Kwa majuma mengi nililala mkono wa kushoto ukiwa nje ya shuka, kama mkono wa mtu mwingine niliyelazimishwa kulala naye, na ngozi ilipobanduka nyeusi niliizika nyuma ya nyumba bila kumwonyesha mtu.

Nilisoma, nikafika chuo kikuu, nikafanya kazi ya kuhesabu watu, mazao na mvua. Sikuamini tena habari za mkono wa mtu, au ndivyo nilivyosema. Hata hivyo sikuwahi kumruhusu daktari kunichoma sindano mkono wa kushoto.

Mwaka jana Rehema, binti yake Somoe, alikuja kwangu Nachingwea mjini, ninakoishi tangu kustaafu. Ni mfamasia, na utafiti wake ni wa magome: anataka kujua kama mtumbati unaweza kuwa krimu ya kuua vijidudu vya ngozi, yenye kipimo kinachojulikana, inayoweza kukaa kwenye tyubu bila kuharibika. Habari za mti alizipata kwa mama yake. Alinieleza kazi yake tukiwa barazani, bodaboda zikipita barabarani na magunia ya ufuta. Gome hukaushwa kivulini, husagwa, huloweshwa kwenye spiriti ili litoe kilichomo, kisha kinachopatikana huwekwa kwenye visahani ambamo vijidudu vya vidonda vimepandwa kama mbegu.

"Na vikafa?" nikamuuliza.

"Baadhi, Mjomba. Vingine viliota kama vile sijaweka kitu. Na ndani ya krimu nguvu inapungua. Haijawa dawa. Ni dalili tu."

"Bibi yako mkuu angekwambia hukumwaga unga."

"Ningemwaga, kama ungepandisha matokeo." Akacheka. "Sasa tunaingia kwenye ngozi. Watu wazima waliojitolea, tunawapaka mkononi, upande wa ndani, tunafunika mpaka kesho yake. Tunaangalia kama ngozi itakasirika."

Nikakunja mkono wa kushoto wa shati.

"Hapana, Mjomba. Wewe huwezi kuingia kwenye hesabu zangu. Umri umepita, na ni ndugu yangu."

"Najua. Naingia kwenye zangu."

Alisita, akanitazama usoni, akaenda kuleta mkoba. Alinibandika viraka viwili, kimoja kando ya kingine, bila kuniambia kipi ni kipi. Kimoja kilikuwa na krimu yenye dawa, kingine krimu tupu. Sababu yake nilikuwa nikiijua kuliko watu wengi. Maisha yangu yote nimefundisha vijana kulinganisha kitu na kisicho nacho. Lakini nilitaka kuisikia.

"Kwa nini viwili?"

"Ili ngozi ikikasirika tujue imekasirishwa na nini."

Siku ile sikuweza kusoma gazeti. Nilihisi joto mkononi, nikahisi kuwashwa, nikahesabu dalili ambazo hazikuwapo. Lango la uani lilipogongwa, nilitamani kumkataza anayegonga asiingie. Jioni mke wangu aliniuliza, "Mzee, mbona tangu asubuhi hujasema neno?" na ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimenyamaza kama nilivyoamriwa na Bibi, mimi, mtu mwenye wajukuu.

Kesho yake Rehema alibandua viraka mbele ya mama yake. Ngozi ilikuwa safi. Pale penye dawa palikuwa na wekundu wa gome, ukafutika kwa pamba.

Somoe aliucheka mkono wangu. "Mzee amepona! Mimi mguu wangu umekaa foleni tangu Nyerere, dawa haijafika."

Sikucheka. Swali lilikuwa limesimama mbele yangu kama mtu. Ikiwa gome ni lile lile, na mkono ni ule ule, siku ile ni nini kilichokasirisha ngozi? "Somoe," nikasema, "wewe ulikuwa umelala pale uani. Bibi alisagia dawa wapi?"

"Si pale pale? Juu ya lile jiwe la kubangulia korosho. Jeusi lile. Mama alikuwa akibangulia hapo kila siku."

Alilisema kama mtu anayetaja mahali kijiko kilipo. Hakuwahi kuulizwa. Kisha nikamwona anaacha kutabasamu, akaitazama miguu yake.

Kila mtu wa Ruangwa na Nachingwea anayajua mafuta ya ganda la korosho. Msimu ukifika, vidole vya wabanguaji hubabuka, huota malengelenge yenye weusi pembeni, na hakuna anayemwita mganga. Hupaka majivu na kuendelea. Maji hayayaondoi mafuta hayo. Uani kwetu, jioni ile, walisimama watu ambao wote walikuwa wameshika korosho tangu utoto, na mama yangu, aliyefunika uso, alikuwa na weusi ule ule kwenye vidole alivyojifunikia. Hawakuuona. Walikuwa wamekuja kusoma ujumbe, na mtu anayesoma ujumbe haoni ngozi. Bibi hakukosea kuijaribu dawa kwa mzima kabla ya mgonjwa. Jambo hilo Rehema naye analifanya. Kilichokosekana ni kiraka cha pili.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Somoe alinishauri niliache. "Utamwambia nani, Kaka? Mama Fransiska atakuwa alishakufa." Niliogopa, na hofu hii haikuwa ya mti. Lakini safari hii hakuna aliyenikataza kusema.

Paulina si mtu mgumu kupatikana Marambo. Nilipelekwa mpaka shambani kwake, alikokuwa akipepeta ufuta. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti kubwa, na aliponisikia nikitaja Likunja aliweka ungo chini.

"Wewe ndiye mtoto wa mkono?"

Kwa jina hilo ndivyo walivyonikumbuka kwao miaka yote hiyo. Nikamwonyesha mkono wenyewe. Kisha nikamweleza polepole, kwa mpangilio: jiwe, mafuta, malengelenge, gome lisilo na kosa. Nilimwambia kwamba mama yake aliingia uani na uji, na kwamba pale palikuwa na uji tu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa kubwa tena, "Kwa hiyo mama yangu alikuwa mtu tu?"

"Mtu tu, dada yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na nilistahili kuipokea kwa niaba ya ukoo wangu. Sikujiandaa kwa alichosema.

"Na mimi nilimwogopa," alisema. "Nilikuwa nimemshika nguo siku ile. Nilisikia wazee wakisema, wazee wenye mvi. Nikafikiri, hawawezi kusema bure. Tukaishi hapa, akanilea, akaniozesha. Kila nikijifungua alikuja na bakuli la uji. Nilipokea bakuli mlangoni. Mtoto sikumpa. Nilimwambia amelala. Huwezi kujua, nilikuwa nasema moyoni, huwezi kujua." Alifuta uso kwa upande wa khanga. "Hakuuliza hata mara moja. Alikuwa anakaa pale nje, anasubiri nirudishe bakuli."

Mama Fransiska alizikwa Marambo, nyuma ya shamba hilo la ufuta. Nikamuuliza binti yake swali pekee ninalojua kuliuliza tangu ujana wangu: watoto walikuwa wangapi?

Paulina alikunja vidole mmoja mmoja, akitaja kila mtoto kwa jina, bila haraka, mpaka mkono mmoja ukaisha akahamia wa pili.

Vidole viwili vya mguu wa Somoe nilikwisha kuvihesabu zamani, nikadhani hesabu ya hasara ya siku ile imefungwa. Iliyobaki ni hii: watoto ambao bibi yao hakuwahi kuwabeba, sita.